Glavu za Ngozi kwa Fundi Asiyetumia Kitu cha Mnyama

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilikuwa nikifanya kazi Malindi, na sasa nimepata nafasi kwenye karakana ya boti upande wa Lamu. Kwa imani yangu situmii chochote kitokacho kwa mnyama, si chakula wala mavazi. Msimamizi amenipa glavu, aproni na buti, vyote vya ngozi, na anasema bila hivyo sishiki rodi. Je, nimwombe nivae glavu za mpira? Nikinunua aproni ya ngozi bandia itafaa? Au niache kazi? Dada wa Lamu.

Jibu: Wa alaikum salaam, dada yangu. Kazi usiiache. Glavu za mpira usizivae mbele ya moto wa rodi. Na hiyo aproni ya ngozi bandia usiinunue kabisa. Hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko yote, kwa hiyo tuanze nayo.

Vitu vingi vinavyouzwa kwa jina la ngozi bandia ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki ya poliyurethani au PVC. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi za Selsiasi, nailoni kati ya 220 na 260 kulingana na aina yake, na PVC hulegea hata kabla ya kufika 100. Cheche nzito inayoruka kutoka kwenye rodi ni tone la chuma kilichoyeyuka, lenye joto la karibu nyuzijoto 1,500. Ngozi ya ng'ombe ikipigwa na tone hilo hukauka, hujikunja na kufanya mkaa, lakini haiyeyuki. Plastiki huyeyuka na kushika mwilini, na ukiibandua inatoka na nyama. Ngozi bandia kwa mkoba au viatu vya harusini haina neno. Kwenye kuchomelea ni hatari kuliko shati la pamba tupu.

Sasa habari njema. Viwango vya kimataifa vya mavazi ya kazi hii havidai ngozi. Vinadai kinga, kisha vinapima. Mavazi ya fundi wa kuchomelea yana kiwango cha EN ISO 11611, chenye madaraja mawili. Matone ya chuma kilichoyeyuka hudondoshwa kwenye kitambaa, na nyuma yake hupimwa joto linapanda kiasi gani. Kitambaa cha daraja la 1 lazima kistahimili matone 15 kabla joto la nyuma halijapanda kwa nyuzi 40, na cha daraja la 2 matone 25. Kitu kikifaulu kimefaulu, kiwe kimetoka kwa ng'ombe au kwa mti wa pamba. Glavu nazo zina EN 12477, yenye aina A kwa kazi nzito na aina B kwa kazi ya argoni, yaani kuchomelea kwa kinga ya gesi ya argoni, inayohitaji vidole vyepesi. Kwa hiyo ukienda kwa msimamizi usimwambie "sitaki ngozi". Mwambie unataka kitu kisicho cha ngozi chenye alama ileile ya kiwango, tena mwonyeshe alama yenyewe kwenye lebo.

Daraja gani? Inategemea rodi. Ukitumia rodi za 6013, daraja la 1 linatosha kwa kawaida. Ukishika 7018, au 6010 na 6011 zenye ganda la selulosi, au ukikata kwa gesi na kwa plazma, panda daraja la 2. Karakana za boti huchanganya yote haya kwa siku moja, kwa hiyo kwa kifua, mikono na mapaja omba daraja la 2 moja kwa moja.

Koti na aproni ndizo rahisi kubadilisha. Kuna pamba nzito iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, kitambaa kizito kama turubai, cha gramu 300 na zaidi kwa mita ya mraba. Huungua pale cheche ilipotua na kuzimika yenyewe. Kwa hali ya hewa ya Lamu, fundi wengi wangeifurahia kuliko ngozi hata wasingekuwa na neno na wanyama, maana inapitisha hewa kidogo. Kuna aramidi, jamii ya Kevlar na Nomex, ambayo haiyeyuki kabisa. Kevlar huanza kuharibika karibu na nyuzijoto 500. Na kuna vitambaa vya nyuzi zilizochomwa kiwandani hadi zikakaribia kuwa kaboni, ambavyo kwa matone ya chuma ni vizuri mno, ila ni ghali. Fiberglasi iliyopakwa silikoni inafaa kwa pazia na kwa kufunika injini. Kwa aproni siipendi, kwa sababu ikichanika nyuzi zake huwasha mwili kutwa nzima.

Chunguza na uzi wa kushonea. Koti linaweza kuwa la pamba safi yenye dawa, lakini likashonwa kwa uzi wa poliesta. Cheche zikikaa kwenye mshono uzi unayeyuka na mkono wa koti unaachana na bega ukiwa kazini. Ovaroli nyingi za dukani nazo ni mchanganyiko wa poliesta na pamba. Huna haja ya maabara. Chomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, ushike kwa koleo, toka nje penye hewa, uuwashie kiberiti. Ukijikunja na kuacha kishanga kigumu cheusi, ni plastiki. Ukiwaka na kuacha jivu laini lenye harufu ya karatasi, ni pamba isiyo na dawa. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu au hariri, yaani kitu cha mnyama. Ukiwa mweusi bila kuyeyuka na kuzimika mara unapoondoa moto, ni aramidi au pamba yenye dawa. Fanya hivyo kwa kitambaa, kwa bitana na kwa uzi wa mshono, kila kimoja peke yake.

Kwenye glavu ndipo penye kazi, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa argoni, ambako matone ni machache, glavu za aramidi zenye bitana ya pamba zinakidhi aina B bila taabu. Hakikisha tu zimefumwa kwa kubana: zinyanyue juani, na ukiona mwanga unapenya, miale ya kuchomelea nayo itapenya na kukubabua mikono kama jua la saa saba. Kwa stiki, yaani kuchomelea kwa rodi za kawaida, ukichomelea kitu kilicholala kwa rodi ya milimita 3.2, glavu ndefu za aramidi au za nyuzi za kaboni zenye bitana nene ya pamba zinafanya kazi. Ila fahamu mambo matatu. Tone la chuma hukwama kwenye mfumo wa kitambaa badala ya kuteleza, kwa hiyo likung'ute mara moja. Slagi, lile gamba linalobaki juu ya mshono, ikiwa na ncha hukata nyuzi, kwa hiyo usiitoe kwa kiganja. Tumia nyundo na brashi. Na aramidi huchakazwa na mwanga mkali, ule wa jua na ule wa rodi yenyewe: rangi ya njano inageuka kahawia na nguvu inapungua. Usizianike juani wala usiziache juu ya gati mchana kutwa. Kwa jumla zitakwisha mapema kuliko za ngozi, basi mwajiri aagize jozi za ziada tangu mwanzo.

Kwenye mgongo wa glavu utaona picha ndogo zenye tarakimu. Yenye moto ni EN 407, na tarakimu zake sita zinahusu joto. Ya pili ni ya kugusa kitu cha moto: 1 ni nyuzijoto 100, 2 ni 250, 3 ni 350 na 4 ni 500, kila moja kwa sekunde 15. Ya tano ni ya matone madogo ya chuma, na hiyo ndiyo yako: kwa aina A isipungue 3, kwa aina B isipungue 2. Picha yenye nyundo ni EN 388, ya kukwaruzwa, kukatwa, kuchanika na kutobolewa. Glavu zikiwa hazina picha wala namba, hata muuzaji akiapa, ziache dukani.

Tena glavu hukinga umeme. Mashine ya stiki ikiwa imewashwa bila kuchomelea hubaki na volti 50 hadi 90 kwenye klampu, nawe uko ndani ya boti ya chuma, nguo imelowa jasho, sakafu ina maji ya chumvi. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme, na kitambaa kilicholowa vivyo hivyo, tena kitambaa hulowa haraka zaidi. Uwe na jozi mbili: moja mkononi, moja inakauka kivulini. Ukinunuliwa mashine, omba yenye herufi S kwenye kibao chake, alama ya mashine iliyotengenezwa kwa sehemu zenye hatari zaidi ya umeme.

Umbo la mkono wako nalo lina maana. Glavu za karakana nyingi huja saizi 10, mkono wa mwanamume mkubwa. Ikiwa saizi yako ni 7 au 8, vidole vya glavu vinakunjika kwenye rodi, cheche zinaingia kwenye kifundo, na utalaumu kitambaa bure.

Buti ni hadithi fupi, na hapa huenda ukamshinda msimamizi kwa hoja yake mwenyewe. Kiwango cha EN ISO 20345 kinahesabu buti za mpira au polima tupu kuwa daraja la pili, na kinga ya vidole ni ileile ya daraja la kwanza: pigo la jouli 200. Tafuta S5, yenye kizuizi cha misumari kwenye soli. Tafuta pia HRO, soli inayostahimili kugusa nyuzijoto 300 kwa sekunde 60. Kwenye chokaa, mafuta na maji ya bahari buti hizo hudumu pale ambapo ngozi hukauka, ikapasuka na kuoza mshono. Chagua za mpira wa nitraili, usichukue gambuti za PVC. Udhaifu wao ni mdomo mpana, ambao cheche hudondokea ndani. Suruali ikae nje ya buti, isikunjwe pindo, na juu yake funga vifuniko vya miguu vya aramidi au vya pamba yenye dawa, vifunike mpaka juu ya vidole. Soksi ziwe za pamba.

Ukipenda buti za kamba, angalia lebo chini ya ulimi wa kiatu au kwenye boksi. Umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi. Umbo hilo likiwa na almasi katikati ni ngozi iliyopakwa kitu juu. Wavu ni kitambaa. Almasi peke yake ni kitu kingine, kama plastiki au mpira. Lebo huonyesha sehemu tatu: juu, bitana na soli. Wengi huangalia ya juu tu, kumbe bitana ni ngozi ya nguruwe.

Na hilo la nguruwe lina faida kwako. Ngozi ya nguruwe hutumika sana kwenye glavu za kazi na bitana za viatu, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi hapo Lamu, haiwi tohara hata ikitengenezwa kiwandani. Fundi mwenzako Mwislamu akijua glavu ni za nguruwe atazirudisha, na hakuna msimamizi atakayeshangaa, atatafuta nyingine. Wewe unaomba jambo la namna hiyohiyo, ila duara lako ni pana zaidi. Ukilieleza hivyo, litaeleweka haraka kuliko ukianza na falsafa.

Vilivyojificha ni vichache. Ukanda wa jasho ndani ya kofia ya kuchomelea mara nyingine ni ngozi. Unatoka kwa vifungo, weka wa taulo la pamba. Soli za ndani huwa na sufu iliyogandamizwa. Gundi za viatu huweza kuwa na kitu cha mnyama, na mpira wenyewe hupikwa na asidi ya steariki, ambayo hutoka ama kwenye mawese ama kwenye mafuta ya ng'ombe. Hapo hata kiwanda kina kazi kukujibu. Binafsi naona mtu akifika kwenye asidi ya steariki amekwisha kufanya yake.

Kabla ya kununua chochote, punguza cheche zenyewe. Fundi wengi huvaa ngozi nene kwa sababu ya mipangilio mibaya ya mashine. Hewa ya Lamu ina unyevu, na rodi iliyonyonya unyevu huruka cheche hovyo na kuacha vitundu kwenye mshono. Rodi za 7018 zikishatolewa kwenye kopo zisikae wazi zaidi ya saa 4. Zihifadhi kwenye kijoko cha nyuzijoto 120 hadi 150. Zilizonyonya unyevu wa hewa, kama ganda halijaharibika, zikaushwe kwa saa 2 kati ya 260 na 430. Usizichanganye na 6010 au 6011, maana hizo ganda lake linahitaji unyevu wake na joko la namna hiyo linaziharibu. Weka ampia ndani ya kiwango kilichochapishwa kwenye pakiti. Umbali wa ncha ya rodi na chuma usizidi unene wa rodi. Kwangua rangi, kutu na chumvi kwa grainda kwanza. Na kila unapoweza, geuza kipande kilale badala ya kuchomelea juu ya kichwa. Huenda mtu akakushauri uhamie argoni kabisa; ndani ya karakana sawa, lakini ufukweni kusi likivuma upepo unaozidi mita 2 kwa sekunde huipeperusha gesi na mshono unaharibika. Huko stiki haina mbadala.

Bado zinabaki kazi mbili ambazo sikushauri uzifanye bila ngozi mpaka uwe na vazi la daraja la 2 na glavu za aina A zilizojaribiwa: kuchomelea kwa muda mrefu juu ya kichwa, na kuchimba mshono wa zamani kwa moto. Huko chuma hukumiminikia. Omba upangiwe kazi nyingine kwa sasa, au vaa ya karakana.

Kuvaa ya karakana ni kuvunja imani? Vegan Society ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1944, katika maelezo yake ya uvegani inasema ni kuepuka unyonyaji na ukatili kwa wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Hakuna ng'ombe anayeokolewa na mkono wako ulioungua. Glavu iliyokwisha kununuliwa imekwisha kununuliwa. Kitu unachoweza kukibadilisha ni oda ijayo ya karakana, na hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu ni ya watu wote. Wapo vegani wasiokubali hata hilo, na wana haki yao. Lakini hao wachague kazi ambayo kinga yake ipo tayari, si kuingia kwenye cheche mikono mitupu.

Kisheria simama hapa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007, kifungu cha 101, inamtaka mwajiri atoe na kutunza mavazi ya kinga yanayofaa. Kifungu cha 13 kinakutaka wewe uvae ulichopewa. Ukivua kwa makusudi na ukaumia, chini ya Sheria ya Fidia za Ajali Kazini ya mwaka huohuo unaweza kunyimwa fidia, isipokuwa ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo. Upande wa pili, Katiba ya 2010, ibara ya 32, inalinda dhamiri na imani, na inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Uvegani haukutajwa kwa jina. Uingereza, Januari 2020, baraza la kazi liliamua kwamba uvegani wa kimaadili ni imani inayolindwa na sheria ya usawa ya huko. Uamuzi huo hauifungi mahakama yoyote Kenya, na haukuhusu mavazi ya kinga. Kwa hiyo usiende na vitisho vya mahakama. Nenda na karatasi moja: kazi fulani, hatari yake, vazi lililopo, vazi unalopendekeza na namba ya kiwango chake, na ombi la majaribio ya wiki mbili huku msimamizi akikagua kila jioni. Endelea kuvaa la zamani mpaka asaini. Akikataa bila sababu ya usalama, karakana yenye watu 20 au zaidi inapaswa kuwa na kamati ya usalama, peleka huko. Ikishindikana, kuna afisa wa Idara ya Usalama na Afya Kazini. Kitu usichofanya ni kununua mwenyewe na kuvaa kimyakimya.

Ukishapata mavazi ya pamba yenye dawa, ufuaji ndio utakaoamua yatadumu au la. Jiki ni marufuku. Inaondoa dawa ya kuzuia moto, na kwenye aramidi inakula nyuzi. Dawa ya kulainisha nguo nayo huacha utando unaowaka. Sabuni ya mche kwenye maji ya kisima yenye chokaa huacha ule ugando mweupe, na ugando huo ni mafuta: unashika moto. Fua kwa sabuni ya unga, tumia maji ya mvua au ya bomba kama yapo, suuza mara mbili na anika kivulini. Doa la grisi lisipotoka, nguo hiyo isirudi kwenye cheche. Glavu zikague kila asubuhi kwenye kidole gumba na kidole cha shahada, ndiko zinakoanza kutoboka, na tundu lolote linalopitisha mwanga lina maana jozi hiyo ibaki kwa kubebea vyuma vilivyopoa.